Jioni ya Nyimbo na Sala, au Jioni ya Kutazamana?

Majira ya mavuno yamekwisha, ghala zina kitu, na kama ilivyo desturi makanisa yetu mengi yanafanya shauri la Jioni ya Nyimbo na Sala. Barua za mwaliko zimeanza kutembea toka usharika hata usharika. Sisi nasi tumeipata ratiba iliyokusudiwa kwa usharika wetu, imepigwa chapa vizuri, tukaisoma mara mbili chini ya taa. Mara ya kwanza tulihesabu kwaya, ni 9. Mara ya pili tulihesabu sala; ni 2, moja ya kufungua na moja ya kufunga. Hapo tuliona ya kwamba kunyamaza kwetu kutakuwa kosa, tukashika kalamu.

Twajua tutawaudhi baadhi ya watu. Miongoni mwa walioiandika ratiba ile wamo rafiki zetu, wamo tuliowafundisha kusoma, na yumo mmoja aliyetufundisha sisi. Hatuneni kwa kuwadharau. Lakini jambo lenyewe si dogo hata tulifunike kwa adabu. Tumetwaa ibada iliyokuwa mali ya watu wote tukaifanya mali ya wachache, na hao wengine tumewapa kazi ya kutazama.

Kabla ya kuwashitaki wengine imetupasa kujishitaki wenyewe, maana ratiba ya mwaka jana ilitoka mkononi mwetu. Kamati ilituagiza kuipanga jioni ile. Tukaalika kwaya 7, kila moja tukaipa nyimbo 2. Katikati tulitenga dakika 30 kwa maombi ya wagonjwa, wafiwa na walio safarini. Tukatangaza Jumapili 3 mfululizo ya kwamba mtu mwenye haja aandike jina katika kipande cha karatasi atuletee. Tulipokea karatasi 31. Nyingine ziliandikwa na watoto wa shule kwa niaba ya bibi zao. Nyingine zilikuwa na jina tu, pasipo neno lingine lolote.

Jioni ikafika. Taa ziliwashwa kwa jenereta la kuazima, vipaza sauti vikafungwa katika nguzo mbili za mbele, watu wakajaa hata nje ya madirisha. Kwaya ya kwanza iliimba nyimbo zake 2, ikashangiliwa, ikaongeza ya 3. Kwaya ya pili haikukubali kushindwa, ikaimba 4. Ya tatu ilikuja na sare mpya, nayo ilitaka kuingia kwa mwendo wa kucheza toka mlangoni hata mbele ya madhabahu, na mwendo ule peke yake ulikula dakika 10. Baina ya kwaya na kwaya fundi wa mitambo alijaribu sauti: moja, mbili, moja, mbili. Kuhesabu ndiyo kazi yetu ya darasani, kwa hiyo twaweza kushuhudia ya kwamba hesabu ya fundi yule ilisikika kanisani usiku ule mara nyingi zaidi kuliko sala yoyote.

Ilipata saa tatu, bibi mmoja akatujia pale mlangoni. Huyu huja kanisani kwa miguu toka ng'ambo ya mto. Mwanawe alikwenda migodini, na mwaka wa pili ulikuwa unakwisha pasipo habari yake. Akatuuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, ile zamu yetu ni saa ngapi?" Tukamjibu, "Bado kidogo, bibi." Saa nne akaja tena akauliza vile vile, nasi tukajibu vile vile. Saa tano kasorobo petroli ya jenereta ikaisha. Kanisa likawa giza, na kwaya ya sita ikakatika katikati ya ubeti. Mchungaji akafunga kwa sala fupi gizani, watu wakatoka wakitafutana kwa mianga ya simu zao. Zile karatasi 31 zilibaki katika mfuko wa koti letu.

Jumatatu tulikutana na bibi yule njiani akitoka kisimani. Tukamwamkia, "Shikamoo, bibi," tukiwa tumekusudia kumwomba radhi. Akaitikia, "Marahaba, mwalimu. Nyimbo zilikuwa nzuri." Akapita na ndoo yake.

Tumefikiri maneno yale mwaka mzima. Kama angalitulaumu ingalikuwa nafuu. Yeye alisadiki ya kwamba alialikwa kusikiliza nyimbo nzuri, akasikiliza, na kwamba kuhusu jina la mwanawe pengine ndivyo mambo yalivyo kanisani. Sisi ndio tuliomfundisha hivyo kwa usiku mmoja, na sasa ratiba ya mwaka huu yataka kumfundisha tena, kwa kwaya 9 badala ya 7, pasipo hata zile dakika 30 za kuandikwa.

Wanaozitetea kwaya hutuletea Daudi. (Na tuseme mapema ya kwamba sisi hatuzichukii kwaya, tumeimba sauti ya tatu tangu siku za chuo, na wake zetu watakwambia twaiimba hata shambani.) Wasema ya kwamba Daudi aliwaweka waimbaji maalum, mafundi 288, kama tusomavyo katika 1 Nyakati sura ya 25. Ni kweli. Lakini ndugu hawa wangerudi nyuma katika kitabu kile kile hata sura ya 16 wangeona ya kwamba wimbo wa Asafu na ndugu zake ulipokwisha, watu wote waliitikia Amina na kumsifu Mungu. Asafu aliimba ili watu wapate kuitikia. Kwetu kwaya ikiisha kuimba, watu hupiga makofi, na makofi huielekea kwaya. Hatukusoma popote ya kwamba Asafu alipigiwa makofi akaongeza wimbo wa tatu.

Tena wako wasemao ya kwamba watu wote wakiimba, uimbaji huharibika: wazee hukokota, watoto hupiga kelele, yule wa nyuma ana sauti kama ya kinu. Shauri hili ni la kale kuliko wadhanivyo. Katika karne ya 4 baraza la kanisa lililokutana Laodikia liliamuru ya kwamba wasiimbe mimbarini ila waimbaji waliowekwa kwa kazi hiyo. Bila shaka wale wazee walikuwa na sababu zao. Lakini tazama mambo yalivyokuwa katika nchi za Ulaya magharibi mamia ya miaka baadaye: makasisi na waimbaji wao wakiimba Kilatini kwa ufundi mwingi, na mkulima akisimama nyuma asielewe neno. Mwaka 1524, siku za Martin Luther, kilipigwa chapa kijitabu cha nyimbo za Kijerumani; zilikuwa 8 tu, na nusu yake zilitungwa na Luther mwenyewe. Nyimbo 8! Kwaya moja ya mjini yaweza kuimba nyingi kuliko hizo kwa usiku mmoja. Lakini zile 8 zilikuwa za watu kuimba kwa vinywa vyao wenyewe, katika lugha waliyonunulia chumvi.

Twende mbele zaidi ya hapo, kwa kuwa jambo hili la watu kukusanyika na kuimba na kuomba wakati usio wa kazi halikuanzia kwa kamati yetu. Yapata mwaka 112 liwali mmoja wa Kirumi, jina lake Plinius, alitawala Bithinia. Alimwandikia Kaisari Trajan kumweleza habari za Wakristo aliowahoji, na wawili wao walikuwa wanawake watumwa aliowatesa ili waseme. Wengine walimwambia ya kwamba kosa lao lote lilikuwa kukutana siku maalum kabla ya kupambazuka na kumwimbia Kristo kwa kupokezana. Angalieni neno hilo, kupokezana. Huyu aanza, yule aitikia. Wale hawakuwa na kinanda wala sare, na katika mkutano wao hakuna aliyekuja kutazama, maana kutazama tu kungaliweza kumpeleka mtu kwenye mateso.

Kisha ukaja mwaka 386, na hapa twaomba msomaji akae vizuri, kwa kuwa habari hii ni yetu zaidi kuliko tulivyozoea kufikiri. Katika mji wa Milano, Justina, mama wa Kaisari, alitaka kanisa litwaliwe lipewe Waario. Askofu Ambrosio alikataa. Watu wakakaa ndani ya kanisa pamoja na askofu wao, tayari kufa naye. Miongoni mwao alikuwamo mwanamke mmoja Mwafrika, Monika, mama yake Augustino. Walitoka Thagaste, nchi iitwayo leo Algeria. Augustino ameandika katika Maungamo yake ya kwamba ndipo hapo ilipoanzishwa desturi ya watu wote kuimba tenzi na zaburi kwa jinsi ya makanisa ya mashariki, ili watu wasizimie kwa huzuni na uchovu. Hiyo ndiyo sababu iliyoandikwa. Watu walikuwa na hofu na walikuwa wamechoka, wakapewa wimbo wa kushika kama mtu anayevuka mto apewavyo fimbo. Mwanamke yule aliyekesha akimwombea mwanawe mpotevu miaka mingi hakuwekwa nyuma asikilize. Bibi wetu wa ng'ambo ya mto naye alikuja na haja ya mwana, na sisi tulimpa benchi.

Huyo huyo Augustino ameandika jambo lingine ambalo twatamani kila mwenye kwaya alibandike ukutani. Asema ya kwamba aonapo amevutwa na sauti ya mwimbaji kuliko na jambo linaloimbwa, akiri kuwa ametenda dhambi, na hapo angependa kutomsikia mwimbaji. Naye hakuwa adui wa nyimbo. Katika kitabu hicho hicho akumbuka jinsi alivyolia kwa nyimbo za kanisa siku za kuongoka kwake. Basi ikiwa mtu wa akili zile aliogopa, sisi tunaofunga vipaza sauti juu ya nguzo twajiamini kwa sababu gani?

Sasa tuje kwa mashauri mawili yenye nguvu zaidi, maana si haki kujibu yaliyo mepesi tu.

La kwanza ni vijana. Twaambiwa ya kwamba tukiondoa mitambo na mashindano, vijana watakwenda kwingine, na sauti za kwingine zasikika mpaka huku. Sisi twakaa na vijana siku 5 za juma, nasi twasema neno tulilolijaribu. Vijana wetu walio katika kwaya hawatoroki, kwa kuwa wana kazi. Watorokao ni wale 100 wasio katika kwaya, waliosimama dirishani usiku ule mpaka wakachoka wakaenda zao. Mashindano hayawashiki hao. Huwafukuza, kwa kuwa huwathibitishia ya kwamba kanisani pana wenye vipawa na pana wasio navyo, na wao wamo katika fungu la pili. Mpe kijana kazi ya kusoma majina ya wagonjwa kwa sauti ya wazi. Mpe kazi ya kuanzisha mwito na kuwafundisha wazee kiitikio. Tumewahi kumpa kazi hiyo mvulana mmoja aliyekuwa msumbufu kuliko wote darasani, naye alifika kanisani kabla ya mwenye kengele.

La pili ni fedha, na hapa twasema kwa upole, kwa kuwa bati za kanisa letu zavuja kweli, na sisi wenyewe hukaa chini ya tundu moja. Kamati imeshauri ya kwamba watu walipe kiingilio mlangoni, na viti vya mbele viwe na bei yake. Twawaomba wazee wetu wasome tena Marko sura ya 11 kabla ya kupiga chapa tiketi. Kisha wafikiri: bibi yule atakuja na karatasi yake yenye jina la mwanawe, na mlangoni atakuta kijana mwenye sanduku. Akiwa hana fedha atafanya nini? Ataketi nje. Na akiwa nayo, atakuwa amenunua nini? Watu wa kwetu ni wepesi wa kutoa. Mnada wa mavuno baada ya ibada ya Jumapili umewahi kutuletea saruji, na katika mnada ule hata mwenye kuku mmoja alisimama kwa heshima. Tuite mnada. Tupige mbiu ya bati kwa jina lake, bati, wala tusiivike bati mavazi ya sala.

Na hao watakaokodiwa toka mjini pamoja na mitambo yao twawaheshimu, lakini petroli yao ya usiku mmoja ingenunua mafuta ya taa zetu za kanisa kwa siku nyingi. Wengine wa wazee wetu walikataa ngoma isiingie kanisani wakisema ina kelele. Leo wazee hao hao wamekubali vipaza sauti viwili vinavyotikisa madirisha, na ngoma bado yangoja nje. Debe tupu haliachi kuvuma, na debe la umeme huvuma zaidi.

Tumetaja ngoma, basi tuseme kidogo habari za nyimbo zenyewe, kwa kuwa watu wengi hawaimbi si kwa uvivu bali kwa kuwa wimbo hauwakai mdomoni. Kila mwalimu wa Kiswahili ajua ya kwamba mkazo wa neno letu hukaa katika silabi ya pili toka mwisho. Tenzi nyingi tulizoletewa toka Ujerumani na Uingereza zilitengenezwa kwa lugha zenye maneno mengi yenye nguvu mwishoni, na mstari huishia kwa pigo zito. Mfasiri wetu, akiwa na haraka, huweka neno letu pale, na pigo zito huangukia silabi isiyo na mkazo. Hivyo "moyo" huwa moYO, na jina la Mungu lenyewe huwa muNGU. Mtu akitamka hivyo sokoni atachekwa. Kwa lugha za nyumbani zenye kupanda na kushuka kwa sauti, madhara ni makubwa zaidi, maana tuni ikishuka pale neno lipandapo, neno huweza kugeuka likawa jingine. Hatusemi tuzitupe tenzi hizo. Tumezikwa nazo na kuozwa nazo, na nyingine zimekwisha kuwa zetu. Lakini jioni ya watu wote ichague kwanza nyimbo ambazo mtu asiye na kitabu aweza kuzishika kwa kusikia mara mbili.

Wala nyimbo za namna hiyo si haba. Miaka ya 1960 katika chuo cha theolojia cha Makumira, karibu na Arusha, mwanafunzi mmoja toka Buhaya, Bernard Kyamanywa, alitunga wimbo wa Pasaka Mfurahini, Haleluya kwa tuni ya huku kwetu. Mwalimu wa chuo kile, Howard Olson, Mmarekani aliyekusanya nyimbo nyingi za namna hiyo, akaufasiri kwa Kiingereza. Leo umo katika vitabu vya nyimbo vya makanisa ya Marekani, na watu wa huko waimba tuni yetu wakati sisi twakodi kinanda ili tuimbe za kwao. Ndugu zetu Wakatoliki nao walitembea njia hiyo. Kule Kamina, katika Kongo, Misa Luba iliimbwa kwa jinsi ya Kiluba tangu mwaka 1958, na mwezi wa Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza ya kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima na nafasi yake katika ibada.

Tena tumkumbuke mwalimu mwenzetu Enoch Sontonga. Alifundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, na mwaka 1897 aliwatungia wanafunzi wake wimbo wa kumwomba Mungu aibariki Afrika. Hakuutunga kwa mashindano. Ulikuwa sala fupi, rahisi, ya kuimbwa na watoto wa shule. Alikufa mwaka 1905 asijue utafika wapi. Mwaka 1961 Tanganyika ilipopata uhuru ilisimama ikaimba tuni ile kwa maneno ya Kiswahili, na Tanzania yaiimba mpaka leo. Wanakamati wetu huimba sala ile kila mara bendera inapopandishwa, wote pamoja, wenye sauti na wasio na sauti, wala hatujapata kusikia mtu akiomba iimbwe na kwaya teule peke yake.

Mtu ataniuliza, basi mwalimu, wataka nini? Maana kubomoa ni kazi ya siku moja. Twataka jioni ianze saa kumi na moja na nusu, jua lingalipo, imalizike kabla ya saa mbili na nusu, ili watu wa ng'ambo ya mto wavuke salama. Ichaguliwe karibu na mbalamwezi. Babu zetu waliipanga michezo yao kwa mwezi. Kwa nini sisi tuipange sala kwa petroli? Taa za kawaida zatosha, na hapo hakuna litakalozimika ila utambi.

Jumapili 4 kabla ya siku yenyewe, watu wasitawanyike mara baada ya ibada. Wakae robo saa wafundishwe kiitikio kimoja au viwili, kwa mdomo, mstari kwa mstari, kama tufundishavyo darasa la kwanza. Siku ikifika kutakuwa na viitikio 6 vinavyojulikana na kila mtu, mpaka mlinzi. Kwaya zetu 2 za hapa, na kwaya 1 ya jirani kama wapenda kuja, zisikae mbele. Waimbaji wagawanywe, 2 au 3 katika kila benchi, wazishike sauti za watu kama boriti zishikavyo paa. Twajua hili litawauma wengine, kwa kuwa sare haitaonekana. Kila kwaya iimbe wimbo wake 1, na uimbwe baada ya kundi la majina, kama sala kwa ajili ya hao waliotajwa.

Hayo majina ndiyo jioni yenyewe. Yasomwe 5 kwa 5, polepole, jina na haja yake ikiwa mwenyewe ameruhusu. Kisha kiitikio. Kisha kimya. Kimya hicho twakiogopa sana, hata twakijaza kwa fundi wa mitambo. Tuanze na kifupi, kadiri ya mtu kuisema Sala ya Bwana moyoni pasipo haraka, na mtoto akilia alie, wala mama yake asitoke nje kwa aibu. Karatasi 31 za mwaka jana zingesomwa zote kwa jinsi hiyo kwa muda mchache kuliko ule uliotumiwa na kwaya tatu za kwanza. Tumepiga hesabu hiyo mara nyingi, nayo haikukosea hata mara moja.

Mahubiri yasiwepo. Wachungaji wetu watuwie radhi. Wao wana Jumapili 52.

Tumesikia mzee mmoja akinena ya kwamba jioni ya namna hii itakuwa ya kimaskini, na wageni wa sharika nyingine watatucheka. Huenda wakacheka. Lakini twamwuliza mzee wetu kwa heshima: usiku ule taa zilipozimika, mchungaji akaomba gizani, nani aliyecheka? Pale ndipo mahali pekee katika saa tano nzima ambapo tulisikia kanisa lote likisema Amina kwa pamoja, na wengi walisema kwa nguvu, maana hapakuwa na mashine ya kuwasemea.

Kamati ya usharika wetu itakutana Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nane mchana, chini ya mwembe wa shule. Mkutano ni wazi kwa kila mshirika, ingawa watu hawana desturi ya kwenda. Sisi tutakwenda. Karatasi zile tumezitia katika daftari la mahudhurio zisipotee, nasi tutazichukua zote tuziweke mezani kando ya ratiba mpya. Ile ya bibi wa ng'ambo ya mto tumeiweka juu, kwa kuwa mpaka leo habari za mwanawe hazijafika, naye ametuuliza kama mwaka huu yafaa aandike nyingine au ile ya zamani bado ipo.